Kitufe cha Sita

"Namba hiyo usiiandike," alisema shangazi.

Simu yangu ilikuwa imefungwa juu ya hadubini kwa kishikizo cha plastiki, na kwenye kioo chake jibu lilishatoka: 31,400. Programu niliyoitengeneza ilikuwa imehesabu chembe nyeupe za damu 628 katika miraba minne ya pembeni ya chemba ya Neubauer, kile kioo chenye miraba ya kuhesabia chembe, ikazidisha kwa 50 kama kanuni inavyotaka ili kupata idadi kwa maikrolita moja ya damu, na yote hayo kabla sijamaliza kufunika chupa ya oili. Yeye hata hakugeuka. Alikuwa ameinamia hadubini ya pili, ile ya zamani ya dirishani, anasogeza slaidi ya mtoto yuleyule taratibu, midomo inachezacheza kama mtu anayevuta uradi.

"Shangazi, nimerudia mara tatu. Inatoa ileile."

"Najua. Kuhesabu inajua. Njoo uone inahesabu nini."

Akanipisha kiti.

Hiyo ni wiki saba zilizopita, katika kituo cha afya kimoja mkoani Tanga. Makala hii nimeianza na kuifuta mara nne, kwa sababu kila nikifika mahali pa kueleza kosa lilikuwa la nani, mkono unakuwa mzito. Leo naimaliza.

## Tone la wino

Chini ya lensi ya mia kulikuwa na chembe yenye kiini cha mviringo, cheusi, kilichokaza kama tone la wino lililoangukia karatasi na kukauka. Programu yangu ilikuwa imeizungushia kisanduku cha kijani na kuandika "limfosaiti", aina mojawapo ya chembe nyeupe. Hata mimi ningeandika hivyo.

"Usitazame kiini, baba. Tazama kinachokizunguka."

Limfosaiti ina ukingo mwembamba wa buluu ya mbali, kama anga baada ya mvua. Hii haikuwa na buluu. Ukingo wake ulikuwa wa waridi uliochanganyika na kijivu, ile rangi ya chembe nyekundu za jirani, ila imefifia kidogo.

"Hii ni nyekundu changa. Bado ina kiini. Uboho wake umeelemewa, unatoa hata zisizokomaa."

Mtoto alikuwa na miaka minne, ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu kama mundu, ameletwa alfajiri akiwa hoi na macho ya manjano. Chembe nyekundu zake zilikuwa zinavunjika kuliko mwili ulivyoweza kuzitengeneza, na uboho ukawa unasukuma nje chochote ulichonacho. Kwenye chemba, dawa ya kuchanganyia damu ina asidi inayopasua chembe nyekundu zote, kinachobaki ni viini tu. Chembe nyekundu changa ina kiini, kwa hiyo nayo inabaki, na inahesabiwa nyeupe. Hapo hata jicho la shangazi lisingeitofautisha. Ndiyo maana yeye haiamini chemba mpaka ameona slaidi.

Alihesabu. Kwa kila chembe nyeupe 100, chembe nyekundu changa 57. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya daftari: 31,400 mara 100, gawanya kwa 157.

20,000.

Bado ni nyingi, lakini mtoto wa selimundu aliyezidiwa kuwa na 20,000 si ajabu. Jibu langu lilikuwa na jambo lingine baya zaidi. Kwenye slaidi programu ilisema limfosaiti ni asilimia 61, kwa sababu zile changa 57 ilizipeleka zote huko. Chembe nyeupe 31,400, zaidi ya nusu limfosaiti, kwa mtoto wa miaka minne: daktari mwenye foleni ya wagonjwa arobaini nje ya mlango angefikiria saratani ya damu, na asingelaumiwa. Angeandika rufaa. Mama angepanda basi na mtoto anayehitaji kuongezwa damu siku hiyohiyo.

Shangazi aliandika 20,000, akaongeza mstari kwamba chembe nyekundu changa zimeonekana, ngapi kwa mia, na kwamba chembe zilizopinda kama mundu ni nyingi. Akaenda mwenyewe wodini na karatasi mkononi. Mtoto aliongezwa damu, akalazwa siku nne, akatoka akitembea.

Mimi nilibaki kwenye kiti naitazama simu.

## Vitufe vitano

Miezi saba kabla ya hapo nilikuwa nimemwekea shangazi kompyuta yangu mezani kwake nyumbani, nikamwomba anisaidie kuifundisha programu. Picha inatokea, ndani yake chembe moja imezungushiwa duara, yeye anabonyeza jina lake: nyutrofili, limfosaiti, monosaiti, iosinofili, besofili. Vitufe vitano, kimoja kwa kila aina ya chembe nyeupe. Alikuwa anafanya kazi hiyo baada ya kula, miwani imeshuka puani, redio inaimba kwa chini.

Jioni ya pili akaniita jikoni. "Na hizi je? Naziweka wapi?"

Nilikuwa naosha vyombo. Sikuja hata kutazama vizuri. Nilichungulia begani kwake na kumwambia, "Zisizo kwenye orodha ziruke tu, shangazi."

Aliziruka.

Nakumbuka kidole chake kilivyobaki hewani kwanza. Amefanya kazi maabara miaka 31. Ameshaletewa na watu wa mjini fomu nyingi zenye nafasi zisizotosha, na amejifunza kujaza zilizopo.

Kinachoniuma ni kwamba kitufe cha sita nilikuwa nakiona kila siku. Anayo kaunta ya chuma ya kuhesabia aina za chembe nyeupe, ile inayolia kengele ikifika 100. Mwishoni kabisa kuna kitufe kilichobandikwa kipande cha plasta, na juu ya plasta ameandika N kwa kalamu ya wino, ya zile nyekundu changa zenye kiini. Kitufe hicho hakihesabiwi ndani ya mia. Ukikibonyeza kinakwenda pembeni, kengele haikingoji. Plasta imeshika weusi wa vidole. Imebadilishwa mara nyingi, unaona gundi ya zamani imezunguka ukingo.

Nilichomwambia aruke, programu ilikiita limfosaiti, kwa kuwa haikuwa na jina lingine la kukipa.

Kabla ya picha za shangazi nilikuwa nimeanza na mkusanyiko wa wazi wa BCCD, ambao yeyote aliyejifunza kazi hii mtandaoni ameupitia: picha 364, na majina matatu tu, nyekundu, nyeupe na chembe sahani. Ni mkusanyiko mzuri wa kujifunzia. Lakini mtu akijifunza dunia yenye majina matatu, akaongezewa matano, anahisi ameshafika mbali. Mimi nilihisi hivyo.

## Asilimia 97

Nilikuwa nimewaambia watu kwamba programu inapatia kwa asilimia 97. Niliwaambia marafiki, niliwaambia wenzangu kazini, niliandika hata kwenye barua ya kuomba fedha. Namba haikuwa ya uongo. Niliipata kwa kuijaribu programu kwenye picha ambazo haijawahi kuziona, kama inavyofundishwa.

Ila picha zile nazo zilikuwa zimepita mikononi mwa shangazi baada ya mimi kumwambia aruke. Zile ngumu hazikuwemo kwenye mafunzo, hazikuwemo kwenye mtihani. Nilimfundisha mwanafunzi kwa nusu ya kitabu, nikamtungia mtihani kutoka nusu hiyohiyo, nikafurahi amefaulu.

Nimeipiga hesabu hii mara nyingi tangu hapo, kwa upande wa malaria, kwa sababu huko ndiko programu nyingi za aina hii zinakoelekea. Upo mkusanyiko maarufu wa picha 27,558 za chembe nyekundu, zilizotoka kwa wagonjwa wa hospitali moja ya Chittagong, Bangladesh, na kutolewa bure na watafiti wa taasisi ya afya ya Marekani. Nusu zina vimelea, nusu hazina. Ukiona programu inapatia asilimia 99 kwenye picha hizo, unapiga makofi. Sasa ipeleke kwenye damu ya mtu mzima asiye na malaria kabisa. Tone dogo la maikrolita moja lina chembe nyekundu karibu milioni 5. Programu ikikosea moja tu katika kila mia, ikaona kimelea pasipo kimelea, mtu huyo mzima anaandikiwa vimelea 50,000. Hiyo si malaria ndogo.

Siandiki haya kuwavunja moyo wanaofanya kazi hii. Kishikizo cha simu juu ya hadubini mimi nilikiiga kwa watu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walionyesha mwaka 2016 kwamba simu na hadubini ya kawaida vinaweza kutafuta malaria, kifua kikuu na mayai ya minyoo. Niliposoma kazi yao nilisimama nikazunguka chumba. Bado nikiisoma nahisi vilevile.

Ila usahihi wa programu niliupima mezani kwangu Dar es Salaam, na slaidi ziko Tanga.

## Rangi nyekundu

Baada ya siku ile nilianza kukikagua kila kitu nilichokiingiza humo bila kuuliza.

Kwa mfano, programu ilikuwa inaandika nyutrofili kwa rangi nyekundu zikishuka chini ya 2,000. Mpaka huo niliunakili kutoka kitabu cha nje. Nikapitia daftari: watu wazima waliokuja kupimwa tu kwa ajili ya kazi, hawaumwi chochote, mmoja baada ya mwingine rangi nyekundu. Shangazi alikuwa anazipita rangi hizo bila kusema neno. Kumbe watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu, jambo ambalo ni moja ya sababu malaria ya vivax ni nadra kwetu. Watu hao hao, wakiwa wazima kabisa, hukutwa na nyutrofili chache katika damu inayozunguka. Mwili wao hauna kasoro. Kasoro ilikuwa ya mpaka wangu.

Na namba ya chembe nyeupe haikai peke yake. Anayehesabu vimelea vya malaria kwenye slaidi nene huvihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, halafu anakadiria kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000. Kwa yule mtoto mwenye 20,000, makadirio hayo yangepunguza vimelea mara mbili na nusu. Kwa 31,400 yangu, vimelea vingeongezeka kuliko vilivyo. Kosa linahama na karatasi, kutoka dawati hadi dawati.

## Shangazi naye

Kuna watu niliowasimulia kisa hiki wakasema, basi achana na programu, mwachie mama afanye kazi yake.

Siwezi, na yeye hataki.

Tulifanya jaribio moja, kwa ombi lake mwenyewe. Nilimpa picha 50 azitaje, nikazichanganya, baada ya wiki mbili nikamrudishia bila kumwambia kwamba ni zilezile. Sita alizitaja tofauti. Nilipomwonyesha hakushangaa. "Zile za kwanza nilizitazama asubuhi," alisema. "Hizi nilitoka zamu."

Siku zenye wagonjwa wengi anasoma slaidi mpaka machozi yanamtoka. Mashine ya kituo ya kupima FBP, yaani picha kamili ya damu, imefunikwa kitambaa kila vitendanishi vinapokwisha, na siku hizo ni nyingi. (Mashine yenyewe haina macho. Aina ile hupitisha chembe kwenye tundu dogo lenye umeme na kusoma mshtuko unaotokea, kwa kanuni ambayo Wallace Coulter aliipatia hataza mwaka 1953. Nyingi za aina hiyo nazo huziita chembe nyekundu changa nyeupe. Mtego si wa programu yangu peke yake.)

Tena kuna jambo ambalo jicho la mtu haliwezi kulishinda hata likiwa halijachoka. Ukihesabu chembe 100 ukakuta iosinofili 10, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya takriban 5 na 18, kwa bahati tu ya chembe zipi zilipita mbele ya lensi. Ukihesabu 500, nafasi hiyo inabana hadi kati ya 7 na 13 hivi. Hakuna mtu wa maabara mwenye muda wa kuhesabu 500 kwa kila mgonjwa. Simu inao. Na kwenye chemba, ile kanuni ya kuhesabu zilizogusa mistari miwili na kuacha zilizogusa miwili mingine, simu haiisahau saa tisa usiku.

Kwa hiyo nilirudi kwenye vitufe. Nikaongeza cha sita, cha chembe nyekundu changa, kinachohesabiwa nje ya mia kama cha plasta. Halafu nikaongeza cha saba kilichoandikwa "sijui", na hicho kikanisumbua kuliko vyote, kwa sababu programu za namna hii kwa kawaida hazijui kutojua. Ukiipa picha ya nzi itakuambia ni monosaiti, tena kwa uhakika mkubwa. Nililazimika kuweka kiwango: ikisitasita chini ya hapo, chembe inapelekwa kwenye foleni ya picha chini ya kioo, na jibu halitoki mpaka mtu amezipitia zote.

Mwanzoni foleni ilikuwa ya picha 30 kwa kila slaidi. "Umeniongezea kazi, baba," alisema, na ilikuwa kweli. Nikilegeza kiwango, zinapungua, na chache mbaya zinapenya. Nikikaza, ni heri atumie hadubini yake. Wiki tatu tumekuwa tukisogeza kiwango hicho mbele na nyuma. Sasa foleni ni picha nane hadi kumi na mbili. Amekubali. Mimi bado sijaridhika.

Yeye ana miaka 58. Akistaafu, sijui foleni ile itapitiwa na nani.

## Simu niliyopaswa kupiga

Sasa nifike mahali ambapo makala ilikuwa inakwama.

Wiki tatu kabla ya siku ya yule mtoto, nilimpa programu rafiki yangu wa maabara katika kituo kingine. Kwa shangazi ilikuwa inajaribiwa tu, jibu la mgonjwa lilitoka kwake yeye. Kwa rafiki yangu sikusisitiza hivyo. Alikuwa peke yake, mwenzake yuko masomoni, akaniomba, nikamwambia inapatia asilimia 97.

Nilimpigia jioni ileile nikiwa nimesimama kwenye mwembe nje ya maabara. Nilimuuliza ametoa majibu mangapi. Akakaa kimya kidogo, nikasikia kurasa zinafunguliwa.

"Arobaini na tatu."

Slaidi zilikuwepo, zimepangwa kwenye boksi. Jumapili mbili mfululizo tulikaa watatu, shangazi akazisoma zote upya, mimi naandika. Nyingi zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa na tofauti ndogo zisizobadilisha tiba.

Ya 38 alikaa nayo muda mrefu. Hakusema kitu, alitupisha tu, mmoja baada ya mwingine.

Mtoto wa miaka miwili. Jibu lililotolewa lilisema chembe nyeupe 24,600, limfosaiti nyingi. Aliandikiwa antibayotiki akarudi nyumbani. Kwenye slaidi kulikuwa na matone ya wino yaleyale, na kati yake chembe zilizopinda, chache, kama kucha zilizokatwa. Hakuna mahali popote kwenye daftari palipoandikwa selimundu. Inaelekea hakuna anayejua, hata mama yake. Mtoto wa umri huo akijulikana anaanzishiwa penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano, anapewa foliki asidi, anafikiriwa kupewa dawa ya haidroksiyurea, na mama anafundishwa kwamba homa haingojewi kesho. Asipojulikana, kila homa ni bahati nasibu.

Namba ya simu iliyo kwenye daftari haipatikani. Mhudumu wa afya wa kijiji alikwenda mpaka kambi ya mkonge walikokuwa wanaishi, akakuta chumba kina watu wengine. Majirani wakasema baba yao amepata kazi kwenye shamba lingine, upande wa Korogwe. Tumeshapata jina la shamba.

Nakwenda Jumamosi hii. Rafiki yangu anakuja nami, ndiye atakayetoa damu. Shangazi anasema nikifika nisianze na habari za programu, nimwambie mama kwamba mtoto anahitaji kupimwa tena, basi. Anasema mama aliyeogopa hafungui mlango mara ya pili. Mimi nataka kumweleza yote, tangu mwanzo, hapohapo. Hatujaelewana.

Jana usiku amenifungia vitu kwenye mfuko: boksi la barafu, slaidi mpya, pamba, na tyubu mbili ndogo za watoto zenye vifuniko vya zambarau.

"Mbili za nini?"

"Moja ikiganda," alisema, "usije ukarudi mikono mitupu."